Wimbo wa Nyuma ya Maporomoko

Ilikuwa wiki ya tatu bila mvua, nyasi za malishoni zimekauka, na bado Eilert Haugstveit aliamka akakuta vibao vya kinanda chake cha piano vimelowa. Akapitisha kidole. Maji yalikuwa baridi kama theluji inayoyeyuka, na yalinuka mawe ya mtoni yenye kuvu.

"Borghild! Nani kamwaga maji hapa?"

Mkewe akachungulia kutoka jikoni, mikono imejaa unga. "Jasho lako hilo, mume wangu. Tangu upate huo wimbo, unakipiga kinanda kama unapura shayiri."

Eilert akacheka, akafuta. Sikio la kufa halisikii dawa.

Miaka saba alikuwa akizunguka bonde lile akiandika nyimbo za wakulima na kuzigeuza ziwe za kinanda. Wakubwa wa mjini, waliokuwa wakimcheka mkulima na fidla yake, sasa walizipigia makofi. Huu wa mwisho alipewa na Mzee Tarjei, mpiga fidla wa kule kwenye kinu cha maji. Watu wa bonde walijua aliyemfundisha Tarjei: jini wa nyuma ya maporomoko, aliyetupiwa paja zima la kondoo kama ada. Kila Tarjei alipoupiga wimbo ule, dada yake alikaa ubavuni na kisu. Macho ya kaka yakianza kugeuka meupe, anakata nyuzi, maana mikono yenyewe haiachi.

"Usiupige bila mwenye kisu," Tarjei alimwonya.

"Sawa, mzee," Eilert alijibu, kama watu wanavyowajibu wazee. Moyoni alijisemea kwamba fidla ni fidla na kinanda ni kinanda, na jini wa mtoni atajulia wapi mambo ya sebuleni? Na yeye mwenyewe alikuwa akiupiga vipande vipande tu, akiandika.

Jumapili, walipotoka kanisani, jua linawaka madirishani, binti yao Signy akaketi kuupiga. Alikuwa na miaka kumi na sita, na ndiye mboni ya jicho la baba yake. Mzunguko wa kwanza Eilert alitabasamu. Wa tatu akasema, "Inatosha, mwanangu, chakula kinapoa."

"Ndiyo, Baba," alijibu Signy. Mikono haikusimama.

"Signy, usimtanie baba yako," alisema Borghild.

"Sitanii, Mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Haiachi."

Eilert akamshika viganja akavuta, akavuta kwa nguvu zake zote mpaka kiti kikapinduka na mtoto akabaki amepiga magoti, na bado vidole vilikuwa vimenasa pale pale vikikimbia, na harufu ya mto ikajaa sebule mpaka wakakohoa, na maji yakaanza kuchuruzika kati ya vibao na kulowesha gauni jeupe la kanisani, na macho ya Signy, Mungu wangu, macho yakaanza kugeuka.

Borghild alikimbia kinuni akarudi na Tarjei. Mzee alikuja na kisu mkononi, akafunua kinanda, akaganda.

"Fidla zetu za bonde hili zina nyuzi nane," alinong'ona. "Hili dude lako lina ngapi?"

"Zaidi ya mia mbili. Za chuma."

Kisu kilikatika ncha kwenye uzi wa kwanza. Borghild alitoka, akarudi na shoka la kuni, akakipasua kinanda huku analia, mpaka waya wa mwisho ukakatika. Kimya. Mikono ya Signy ikaanguka mapajani, macho yakarudi.

Kisha vidole vikaanza kugonga goti. Na wimbo ukatoka gotini. Akashika meza, ukatoka mezani.

"Mzee, fanya kitu!" alilia Eilert.

"Ulichoandika kirudi kwa mwenyewe. Karatasi zote zitupwe maporomokoni, usibaki hata ukurasa. Ziko wapi?"

Eilert alitazama vipande vya kinanda sakafuni. "Leipzig, Ujerumani. Zimechapwa, zimeuzwa. Watu wanazo majumbani mwao."

Tarjei akavua kofia, akakaa chini sakafuni penye maji. Borghild alipomtazama, akageuza uso.

Jua la kiangazi halikuwa na haraka ya kuzama. Ncha za vidole vya Signy zilikuwa zimeanza kuchubuka.

"Baba, nimechoka. Huu wimbo unaishia wapi?"

Eilert ndiye aliyeuandika, alijua. Hakuwahi kuusikia mwisho wake. Kila mara ulikatwa kwa kisu. Kwa hiyo chini ya mstari wa mwisho, ili asiongeze chake, alikuwa ameweka alama ya kumrudisha mpigaji mwanzo.

Eilert alipiga magoti, akatandika viganja vyake mezani chini ya vidole vya mwanawe, visiendelee kuumia kwenye mbao.