Nyumba ya Wadad Juu ya Miamba

Asubuhi ya kwanza nyumbani kwa shangazi yake, Rudayna aliamka sauti imemkauka. Hakuwa na kikohozi wala homa, na koo halikumuuma. Alimwomba mumewe amsogezee sukari, na maneno yakatoka membamba, kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Nazih alicheka. Alisema watu wa Lakemba wamezoea moshi wa magari, kwa hiyo hewa safi ya bahari ndiyo inayowadhuru.

Walikuwa wameshuka kutoka Lakemba, mtaa wao wa Sydney, kwa mapumziko mafupi ya majira ya baridi, mtoto wao Tarek wakamwacha kwa bibi yake. Nia yao ilikuwa kutembelea miji midogo ya pwani, lakini zaidi walitaka kumbembeleza Wadad, dada wa marehemu baba yake Rudayna, akubali kuhama. Aliishi peke yake katika nyumba ya mbao juu ya miamba, si mbali na Tathra. Mwaka uliotangulia mumewe, Farid, alishuka kuvua kwenye miamba ile, wimbi likamzoa. Ndoo yake ilipatikana, kofia ikapatikana. Mwili haukupatikana, na Wadad hakukubali aswaliwe.

Nyumba ilikuwa safi, ila kwenye ujia wa kwenda chumba cha kufulia palikuwa na harufu ya mwani uliooza na sufu iliyoloa. Wadad alisema ni mabomba. Alisema hivyo haraka mno, kisha akawahimiza watoke wakatembee kabla mvua haijawawahi.

Wakaenda Pambula, wakazunguka madukani, wakarudi kupitia Tathra, wakaketi kwenye gati kuukuu la mbao wakila samaki na chipsi huku shakwe wakiwadonoa kwa macho. Nazih akapiga simu nyumbani kumuuliza shangazi kama wamletee chochote. Rudayna alimwona akitabasamu, kisha tabasamu likaganda. Akaiondoa simu sikioni polepole na kuiweka katikati yao.

Aliyepokea alikuwa akicheka. Kilikuwa kicheko cha Rudayna, kile kile cha kupandia juu mwishoni. Kikafuata sauti yake, nzima, tamu, bila mkwaruzo wowote: "Rudini mapema basi, nyumba imepoa."

Rudayna alifungua kinywa aseme na mumewe, na kilichotoka ni pumzi.

Walimkuta Wadad amekaa jikoni, chai imepoa mbele yake. Nazih alimuuliza nani aliyepokea simu. Mama yule aliangalia mlango wa ujia kwanza, kisha akawaambia kwa sauti ya chini kabisa. Baada ya Farid kupotea, alikuwa akishuka miambani kila magharibi kumwita. Watu walimkanya kuita jina la mtu baharini saa ile. Hakusikia la mtu. Jioni moja akaitikiwa. Akapanda nyumbani, na mwito ukamfuata hadi ndani.

"Najua si yeye," alisema. "Lakini ni sauti yake, mwanangu. Ananiamkia. Ananiuliza nimekula nini. Nyie mna nyumba iliyojaa watu, hamjui."

Rudayna alimshika mikono. Nazih akasema kesho asubuhi wanaondoka wote watatu, na hilo halina mjadala. Wadad hakubisha. Hakukubali pia.

Kulipokucha, Rudayna hakuwa na sauti kabisa. Nazih alikwenda kupakia mabegi garini, na Rudayna akaingia chumba cha kufulia kuchukua taulo walizoanika. Harufu ya mwani ilimpiga usoni. Mlango ukajifunga nyuma yake, bila kishindo, kama unavyorudishwa na mtu anayeogopa kuamsha mtoto, na ufunguo ukazunguka kwa nje.

Alivuta kitasa, akagonga, akapiga kwa kiganja kisha kwa ngumi, na hapo hapo mashine ya kufulia ikaanza kunguruma yenyewe na kugonga sakafu kwa kasi ile ile ya ngumi zake, hata yeye mwenyewe hakuweza kutofautisha pigo lipi ni lake na lipi ni la mashine. Na juu ya kelele zile, kutoka kwenye ujia, akasikia sauti yake mwenyewe ikizungumza na mumewe aliyesimama nje ya mlango wa mbele, taratibu, kwa mapenzi, ikimwambia kwamba koo limepona alhamdulillahi, kwamba shangazi bado anafungasha na ana aibu ya kulia mbele ya mwanamume, kwa hiyo "Nazih, mpenzi, hebu nenda mpaka Bermagui ukatununulie samaki wa kupeleka nyumbani, ukirudi utatukuta tayari". Na mumewe akajibu haya, akauliza hizo kelele ni za nini, akaambiwa ni mashine tu. Na yeye akabana mdomo kwenye ufa wa mlango akapiga ukelele kwa nguvu zake zote, ukelele usiokuwa na mlio, mpaka aliposikia gari likiwashwa, likirudi nyuma juu ya kokoto, likiondoka.

Mashine ikanyamaza. Kitu kikaegemea mlango upande wa pili, kizito, kinachochuruzika maji. Maji yakapenya chini ya mlango, baridi, yakamlowesha vidole vya miguu. Sauti yake ikamwambia, karibu kabisa na ufa, "Pumzika sasa. Mimi nitakwenda nao."

Akalia. Alimfikiria Tarek akimkimbilia huyu aliye mlangoni, akikumbatiwa.

Ndipo kandambili za Wadad zikasikika zikija. Zikasimama. Sauti ikabadilika, ikawa ya mzee mwanamume, ya upole, yenye kigugumizi kidogo kwenye herufi ya kwanza.

"W-Wadad. Usifungue. Ukifungua, nakwenda."

Rudayna aligusa mlango kwa ncha za kucha, mara moja tu.

"Wadad, nakuomba. Nakuomba, mke wangu. Nakuomba."

"Farid hakuwahi kuniomba kitu mara mbili," Wadad alisema. "Mara ya kwanza ilimtosha, maana nilikuwa nampa." Akavuta pumzi. "Mume wangu amekufa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Amekufa, na wewe sikujui."

Akaanza kusoma Ayatul Kursi. Ile sauti ikamwita kwa sauti ya Farid, ikamwita kwa ya Rudayna, ikamwita kwa ya kaka yake aliyefariki zamani, kisha ikaishiwa na watu, ikabaki mlio tu, kama maji yanayofyonzwa kwenye tundu la mwamba. Ufunguo ukazunguka.

Nazih aliwakuta nje, wamekaa kwenye majani kando ya barabara, shangazi peku, wameshikana. Alikuwa amegeuza gari kabla ya kufika Bermagui. Alieleza baadaye kwamba kuna jambo lilikuwa likimkereketa njia nzima bila kulijua, kisha likamjia: tangu Tarek azaliwe, mkewe hajawahi kumwita kwa jina. Humwita Baba Tarek tu.

Hawakurudi ndani kuchukua kitu. Lakemba, Ijumaa iliyofuata, Farid aliswaliwa sala ya maiti asiyekuwepo, na Wadad akavaa nyeupe, akakaa eda yake. Sauti ya Rudayna ilirudi kidogo kidogo, ikiwa na ukwaruzo, na Tarek akamwambia anaipenda hivyo hivyo.

Shangazi amenenepa sasa. Anapika, anagombana na wauza mboga, anamfundisha Tarek kusoma Kurani. Juzi mchana walikuwa wawili tu jikoni, yeye na Rudayna, wanachambua dengu bila kuzungumza. Mtaa ulikuwa kimya. Wadad akainua kichwa, akageukia dirisha lililofungwa, uso ukamlainika kama wa bibi harusi.

"Abee," akaitika.

Hakuna aliyekuwa amemwita.