Simu Kutoka Mizani

Mwaka huo nilikuwa darasa la sita, na nilikuwa na kazi ambayo wenzangu hawakuwa nayo. Nilikuwa karani wa simu nyumbani kwetu.

Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Katika kila safari aliondoka Jumatatu, na Alhamisi saa kumi jioni alifika kwenye mizani ya barabara kuu, pale malori yanapopimwa uzito. Hapo ndipo palikuwa mahali pa mwisho penye mtandao. Akishapita, tulikaa siku sita bila kumsikia, mpaka Jumatano anaporudi kupita tena palepale. Kwa hiyo akiwa kwenye foleni alipiga simu, nami nikapokea, kwa sababu simu yetu ilikuwa moja tu na Mama hakuruhusiwa kwenda nayo kazini. Alikuwa mkataji katika karakana ya kushona sare za shule.

Nilikuwa na daftari langu. Niliandika tarehe, saa, na maneno ya Baba kama alivyoyasema. "Karani, andika," alikuwa akisema, "leo nimekula nikashiba. Mama yako hataamini, lakini andika." Jioni nilimsomea Mama, naye alicheka huku akivua viatu.

Zamani tulikuwa wawili, mimi na dada yangu, tukigombania hiyo simu. Mwezi wa kwanza dada akaenda shule ya bweni na kitanda chake kikabaki na godoro lililokunjwa. Tangu hapo nikitoka shule nilifungua mlango, nikasema "hodi" kwa mazoea, na sikujibiwa na mtu. Nilikuwa mpweke, nisifiche. Nilikuwa nasikia hata maji yakidondoka kwenye ndoo ya jirani.

Ndipo nilipougundua mchezo uliokuwa ndani ya simu. Ni mchezo wa kupasua mapovu ya rangi. Ukipasua mapovu matatu ya rangi moja, simu inatoa mlio mtamu, na ukimaliza hatua inakupigia makofi. Hebu fikiria, nyumba nzima kimya halafu kitu kinakupigia makofi. Nilianza na dakika tano. Baada ya wiki mbili nilikuwa nacheza tangu naingia mpaka nasikia hatua za Mama mlangoni, sare ikiwa bado mwilini, vyombo vya asubuhi vikinitazama.

Wasichana wa mtaani walikuja dirishani kuniita tukaruke kamba. "Nakuja," nilijibu bila kuinua kichwa. Walikuja mara tatu, mara nne. Kisha wakaacha kuja, nami nikaona ajabu kwamba hakuna anayenikumbuka.

Alhamisi moja nilikuwa hatua ya tisini na sita. Ilikuwa imenitesa siku nne. Yalibaki mapovu mawili tu nimalize. Mara kioo kikabadilika, mapovu yakatoweka, likatokea jina la Baba. Simu ikalia mara moja, mara mbili. Nilijua kabisa ni nani na anapiga kutoka wapi. Nikabonyeza kitufe chekundu.

"Atapiga tena," nikajiambia, nikapasua yale mapovu mawili. Makofi yakapigwa.

Hakupiga tena. Nikampigia mimi, nikaambiwa namba haipatikani. Nikajaribu mara kumi na moja. Saa kumi na mbili, niliposikia Mama anakuja, nikaifuta ile simu kwenye orodha ili asiione.

"Haya, Karani, nisomee," Mama alisema akikaa.

"Baba hajapiga," nikasema.

Mama aliacha kufungua kamba za viatu. "Hajapiga kabisa?"

"Kabisa."

Sikujua uongo huo ungekuwa mzito kiasi gani. Kwa miaka mitatu Baba hakuwahi kukosa kupiga simu ya mizani. Kwa Mama, Baba kutopiga kulikuwa na maana moja tu. Kesho yake, kabla ya kazi, alipita ofisi ya wenye lori. Wakamwambia hawana taarifa yoyote, asubiri. Jioni alipakua chakula, akakiangalia, akakirudisha kwenye sufuria. Nilitaka kusema. Kila nikifungua mdomo niliona uso wake, nikaufunga. Halafu, aibu ilioje, nilichukua simu nikacheza ili nisimfikirie.

Jumamosi hakuna shule, kwa hiyo nilimpelekea Mama chakula cha mchana karakanani. Nilikuwa naipenda ile sehemu: mashine kumi na mbili zinanguruma mpaka sakafu inatetemeka, na vumbi la nyuzi limetanda kila mahali. Lakini siku hiyo meza ya kukatia ilikuwa imezungukwa na watu. Msimamizi, mzee mmoja ambaye wote walimwita Mzee Chaki kwa sababu chaki yake ilikaa nyuma ya sikio hata akila, alikuwa ameshika vipande viwili vya kitambaa cha kijivu.

"Huu ni mguu gani?" alimuuliza Mama.

"Wa kushoto."

"Na huu?"

Mama akainama kukitazama. Mzee Chaki akachukua kipande kingine, na kingine. Vyote vilikuwa vya kushoto.

Nilielewa, maana Mama alishanifundisha. Kile kitambaa kina uso na mgongo. Mkataji hukilaza tabaka mbilimbili, uso ukiangalia uso, ili kila mkato utoe mguu wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Mama alikuwa amelaza tabaka zote zikiangalia juu. Alikuwa amekata kaptula themanini za watoto wenye miguu miwili ya kushoto. Kosa hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza halifanyi, na Mama alikuwa na miaka tisa kwenye ile meza.

Fundi mmoja alianza kucheka, akaona uso wa Mama, akanyamaza.

"Akili yangu haipo, mzee," Mama alisema taratibu. "Baba watoto hajapiga simu. Nikishika mkasi naona lori limelala ubavu."

"Basi leo uache mkasi," Mzee Chaki alisema. "Na wiki ijayo tutaona kama utaendelea na meza hii. Siwezi kumweka hapa mtu ambaye mawazo yake yako barabarani."

Mama akauweka mkasi mezani. Hakuna aliyemwona analia, lakini mimi namjua. Anapolia hukunja midomo kwa ndani.

"Baba alipiga," nikasema.

Wote wakageuka. Nilikuwa bado nimeshika bakuli la chakula.

"Alipiga saa kumi. Nilikuwa nacheza mchezo wa simu, nikamkatia. Halafu nikaifuta ili usijue. Nisamehe, Mama."

Mama alikaa juu ya robota la kitambaa. "Yuko hai," alisema. Akarudia, "Kumbe yuko hai." Kisha akanitazama, na hasira ikaja. "Siku mbili unaniona ninavyokuwa, na unanyamaza?"

"Niliogopa."

"Kwani huo mchezo una nini?"

"Nyumba iko kimya sana, Mama. Ule mchezo unapiga makofi."

Mama alinivuta nikakaa kando yake, na harufu ya kitambaa kipya ikanijaa puani. "Hilo nalo ungeniambia," alisema. "Nilidhani umezoea."

Mzee Chaki alikohoa. "Vipande hivi havijaharibika," alisema, sauti imelainika. "Kuna kitambaa kingine cha rangi hii hii. Jumatatu utakata kaptula themanini nyingine, zote miguu ya kulia, tutavioanisha. Na huyu mtoto akitoka shule aje hapa. Wanawake wa meza ya vifungo wanalalamika kwamba mikono ina kazi lakini masikio hayana."

Nilifuta ule mchezo mwenyewe jioni ileile, Mama akiangalia. Msidhani ilikuwa rahisi. Siku za kwanza vidole gumba vilikuwa vinatafuta kitu cha kupasua, nikawa nagonga meza mpaka mama mmoja wa meza ya vifungo akaniuliza kama nina homa. Nilianza kuazima vitabu vya hadithi shuleni na kuwasomea wale wanawake huku wakishona. Walikuwa wasikilizaji wakorofi. Walimtukana mhusika mbaya, wakanikatiza kubishana, na nikiruka ukurasa walijua. Wakanifundisha kushona vifungo pia. Cha kwanza kilidumu nusu saa. Nikirudi mtaani niliomba kurudishwa kwenye kamba. Wasichana walinibetulia midomo, wakasema nitaanza na kuwazungushia wenzangu kamba wiki nzima bila kuruka. Nikakubali. Walikuwa na haki.

Jumatano ya wiki hiyo ya kwanza, siku ya Baba kurudi kupita mizani, Mzee Chaki aliruhusu simu iwekwe dirishani. Ilipolia, mashine zilizimwa moja baada ya nyingine mpaka karakana yote ikanyamaza. Mama alikuwa karibu kuliko mimi, lakini akanisukumia ile simu.

"Pokea wewe," alisema.

"Baba," nikasema. "Alhamisi nilikukatia simu kwa makusudi. Nilikuwa nacheza."

Nilisikia injini yake, na malori mengine nyuma.

"Nilijua kuna mtu amekata," Baba alisema. "Nilitaka kupiga tena, zamu yangu ya kupima ikafika, wa nyuma wakaanza kupiga honi. Nimeendesha siku zote hizi nikijiuliza nimewakosea nini."

"Hukutukosea. Ulikuwa unataka kusema nini?"

"Mimi? Sikuwa na la kusema." Nilisikia akizima injini. "Huku ni mimi na injini, mwanangu. Nilitaka tu kusikia mtu ananiita."

Miezi yote ile nilidhani kwetu mpweke ni mimi peke yangu. Nililia mbele ya mafundi wote, na sikuona haya.

"Sikiliza," Baba alisema. "Kucheza si kosa. Lakini ule mchezo hauna habari kama upo au haupo. Sisi tunajua. Muda wako uwape wanaojua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Baba."

"Niite tena."

"Baba," nikamwita.