Usitoke Hapo Mpaka Nije

Hodi ilibishwa mara moja tu, mlango wa uani, muda mfupi kabla ya adhana ya alasiri. Mwanamvua alikuwa jikoni akikoroga unga wa vitumbua. Mkono ukasimama. Wanawake wa Bagamoyo wanajua: binadamu hubisha hodi mara tatu, asipoitikiwa huenda zake. Abishaye mara moja kisha akangoja, huyo mwachie Mungu.

Lakini bibi yake, Bi Sikuzani, alikwisha inuka kwenye mkeka wake ukumbini. "Karibu, mwanangu," akaitikia, kwa sauti laini ambayo Mwanamvua hakuwa ameisikia tangu utotoni.

"Bibi! Unamkaribisha nani?"

"Mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hukufunzwa kwenu?"

Mwanamvua akafungua mlango. Uani hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, harufu chungu ya mizizi ya porini inayochemshwa, chakula cha watu walioishiwa kabisa. Akaufunga mlango na kurudi kwenye unga wake, akijiambia kuwa ni jirani anapika dawa.

Mwaka huo wa sabini na tatu, ile nyumba kongwe ya mawe karibu na forodha ilikuwa imefanywa makumbusho. Zamani ndiko walikopokelewa watu waliokuja pwani, wa kutoka bara na wa kutoka ng'ambo, wakakaa sakafuni mpaka atokee wa kuwachukua. Bi Sikuzani, ambaye maishani mwake hakumwomba mtu hata chumvi, alituma ujumbe Kerege: mjukuu wangu njoo, nipeleke nikaione ile nyumba kabla sijafa. Mwanamvua akamwacha mumewe, Hija, na binti yao mdogo, Dija, akaja. Bibi huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Angemwambia nini?

Basi ikawa ni mipango ya safari ya hatua chache kana kwamba watu wanakwenda Maka. Mwanamvua alikwenda kumwona Bwana Pazi, mlinzi wa makumbusho, wakaafikiana Alhamisi asubuhi, kabla wanafunzi hawajajaa. Akataka kukodi mkokoteni, maana miguu ya bibi ilikuwa imechoka.

"Mkokoteni? Mimi gunia la nazi?" Bi Sikuzani akang'aka. "Nitatembea. Niliingia mle kwa miguu yangu." Akachagua kanga mpya, akaifukiza udi. Akaagiza vitumbua, na kila mara akakumbusha viongezwe vya mtoto.

"Mtoto gani, Bibi? Dija yuko Kerege."

Bibi akaendelea kuifukiza kanga yake.

Kesho yake hodi ikabishwa tena, saa ile ile, na safari hii haikutoka uani. Ilitoka stoo, ndani ya nyumba, na Mwanamvua alipoinua pazia akiwa na Ayatul Kursiy mdomoni akaona giza la kawaida na magunia ya kawaida, ila ile harufu ilikuwa nzito hata macho yakamtoka machozi, na chini kabisa, kwenye kona, usawa wa kiuno cha mtu mzima, kitu kikavuta pumzi taratibu kama mtoto anayejizuia kulia ili asije akagombezwa.

Akatoka mbio, akamshika bibi yake mabega. "Niambie ukweli. Ni nani huyu?"

Bi Sikuzani akakaa chini. Alizungumza kwa kunong'ona, macho kwenye pazia la stoo.

"Ni mdogo wangu, Tatu. Njaa ilipotushika kwetu Uzigua tulishuka pwani na mama. Mama akatufia njiani. Tukaingia nyumba ile sisi wawili, mimi ndio kwanza nina akili za kumbeba mwenzangu. Akaja bwana mmoja anataka mtoto wa kike wa kazi. Mmoja tu. Nikamwambia Tatu, kaa kwenye kona hii, usitoke hapo mpaka nije. Nilidhani nitarudi jioni, mjukuu wangu. Kumbe yule bwana kwao Pangani."

"Hukurudi?"

"Nilirudi mtu mzima, na mume. Nikaulizia. Nikaambiwa alitokea mama mwema akataka kumchukua awe mwanawe, mtoto akang'ang'ania ukuta. Dada kasema nisitoke. Chakula walikuwa wanakiweka katikati ya chumba, na yeye hakukifuata. Alikufa anakitazama."

Mwanamvua alilia mpaka kwikwi ikamshika. Watu husema subira yavuta heri. Wangemwambia nani neno hilo katika chumba kile?

Jioni walimwita Mwalimu Msabaha, mtu wa kusoma dua na kuzingua wenye mashetani, mpole, mwenye kikohozi. Alifukiza ubani, akasikiliza mlangoni mwa stoo kwa muda mrefu, akarudi amebadilika rangi.

"Bi Sikuzani, kwenye kona ya nyumba ile ya forodhani pana jini," alisema chini chini. "Huyu hali nyama wala hanywi damu. Chakula chake ni kungoja kwa watu. Amemshika mtoto kwa agizo lako wewe, na kinachobisha hodi hapa ni roho yake tu inayokutafuta. Agizo la binadamu huondolewa na aliyelitoa. Si ndiyo ada yetu? Mgeni haondoki mpaka mwenyeji ampe ruhusa. Basi mkienda Alhamisi, mwambie: Tatu, ruhusa unayo. Kisha toka, wala usimwachie mtu mwingine agizo ndani ya nyumba ile."

"Na nikishampa ruhusa?"

"Hatabisha hodi tena."

Bi Sikuzani akajifunika uso kwa kanga. "Mwalimu, siku hizi chache ndizo nilizompata mdogo wangu," akasema.

Alhamisi walikwenda, bibi ameegemea bega la mjukuu, kikapu cha vitumbua mkononi. Mwalimu alibaki nje akisoma Yasini. Bwana Pazi aliwapitisha kwenye masanduku ya mabaharia, vyungu na picha za watu wasio na majina, mpaka chumba cha nyuma. Hapo harufu ikawapokea. Bwana Pazi akasema yeye chumba hicho hukifagia akiwa amekipa mgongo, akarudi zake mbele.

Bi Sikuzani alikuwa anahema, moyo wake wote uko kwenye ile kona. Alimpapasa mjukuu wake shavuni.

"Nipishe nizungumze naye peke yangu. Wewe kaa hapa kizingitini. Usitoke mpaka nije."

Alilisema kama bibi wote wanavyowaambia wajukuu sokoni na harusini, bila kuwaza. Na Mwanamvua, mtoto aliyelelewa akaleleka, akaketi. Alipokwisha kukaa ndipo baridi ilipompanda kutoka kwenye jiwe la kizingiti hadi kifuani, akafumbua kinywa amwite, lakini bibi alikwisha fika konani na kupiga magoti.

"Tatu, mdogo wangu. Nimechelewa. Nisamehe, mama. Ruhusa unayo. Nenda."

Miguu midogo ikakimbia sakafuni. Ikampita Mwanamvua, kitu kikamgusa goti, kikatokomea kwenye mwanga wa nje kwa kicheko kifupi. Harufu ikakatika. Kisha kikapu kikaanguka, vitumbua vikabingirika, na Bi Sikuzani akalaza shavu kwenye ukuta wa kona ile kama aliyepitiwa na usingizi. Hakuamka.

Walimbeba, wakamzika kabla ya magharibi. Mwanamvua alibaki kizingitini, hakufika msibani. Hakuweza kusimama. "Bibi kasema nisitoke," aliwaambia, na machozi yakimtiririka kwa sababu alikuwa anajua vizuri anachokisema. Kesho yake Hija alikuja mbio kutoka Kerege, akamnyanyua mkewe kwa nguvu, lakini alipomvusha mlango mkubwa pumzi zilikatika, midomo ikawa buluu, na Mwalimu Msabaha akapiga kelele arudishwe.

"Mwondolee, Mwalimu," Hija alisihi. "Nina mtoto mdogo nyumbani anamlilia."

"Mwenye kutoa ruhusa tumemzika jana," Mwalimu akasema, naye akalia mbele za watu.

Walimletea uji. Haukupita kooni. Bwana Pazi alimfunika kanga mpya ya bibi yake, akakaa karibu naye akimsomea. Na alasiri moja Mwanamvua aliona mwili umekuwa mwepesi, akauacha pale kizingitini, akajikuta Kerege, nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Kamba ya nguo ilikuwa na kigauni cha Dija. Alisikia sufuria, akasikia Hija anakohoa. Furaha ikamjaa.

"Hodi," akasema.

Akataka kuirudia, mara ya pili na ya tatu, kama binadamu. Sauti haikutoka.

"Baba, mama huyo!" Dija akapaza sauti, miguu yake midogo ikikimbilia mlangoni.

Komeo likagonga. Kisha Mwanamvua akamsikia mumewe nyuma ya ubao, karibu kabisa, akinong'ona kwa kilio:

"Usiitikie, mwanangu. Amebisha mara moja."