Kituo cha Zamani cha Changamwe

Haya yalimpata rafiki yangu Yasir, anayetafiti historia ya Changamwe. Kwenye ramani ya zamani aliona kituo kidogo cha treni ambacho ratiba za baadaye hazikukitaja tena. Alasiri moja akaenda kukitafuta, akakuta mahali pake pana nyumba ya kupangisha. Mwenye nyumba, Mama Eddah, akamkaribisha ndani. Umeme ulikuwa umepotea na ukumbi, usio na dirisha, ulikuwa giza totoro.

"Egemea ukuta, mwanangu," Mama Eddah akamnong'oneza ghafla. "Waache wapite, wala usimwitikie mtu."

Yasir alisikia viatu vingi vikiburuzika sakafuni, mizigo ikikwaruza kuta, na watu wakihema karibu na uso wake. Hakuona mtu. Kisha sauti ya mtoto ikauliza, karibu na goti lake, "Baba, tumefika?"

"Naam," Yasir akaitika kabla hajajizuia.

Vishindo vyote vikakoma. Mama Eddah akaanza kulia.

Jana Yasir alikuja kwangu Bombolulu. Alikuwa peke yake, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooka chini, vidole vimekunjika kana kwamba vimeshika kitu. Nilipomfungulia mlango alisogea kando, akangoja kidogo, ndipo naye akaingia.