Ishirini na Sita Ipi?

Mtaani kwao walimwita Mwenyewe. Wazazi wake hawakumpa jina hilo. Alijipa kwa mdomo wake. Kitu kikiharibika nyumbani, mkewe alisema, "Tumwite fundi." Naye akajibu, "Fundi wa nini? Nitafanya mwenyewe."

Alikuwa amestaafu kazi katika kiwanda cha sabuni. Mikono yake ilizoea kushughulika, na sasa haikuwa na la kufanya. Basi akaigeukia nyumba. Redio ilikuwa bubu, akaitengeneza. Ikasema, ila mpaka uilaze kifudifudi. Mlango wa jikoni ulikuwa haufungiki, akautengeneza. Sasa ulikuwa haufunguki, na watu walipitia dirishani kupeana sufuria.

Mkewe alikuwa mwoka mikate. Kila asubuhi alipakia mikate ya moto kwenye kikapu kikubwa nyuma ya baiskeli yake, akaipeleka madukani na kwenye kantini ya hospitali. Baiskeli ile ndiyo iliyokuwa miguu yake.

Siku moja alirudi akiisukuma, jasho likimtiririka.

"Baba watoto, njoo uone. Tairi la nyuma limekuwa kipara kama kichwa chako."

Mwenyewe akainama. Kweli, tairi lilikuwa limelika. Mahali pamoja lilikuwa limetoboka, na tyubu ilikuwa inachungulia nje kama mtoto mwenye udadisi.

"Nimetembea kwa miguu," mkewe akasema. "Mikate imefika hospitali imepoa. Mama wa kantini amenuna. Amesema nikichelewa tena, atatafuta mwoka mikate mwingine. Naipeleka baiskeli kwa fundi."

"Fundi wa nini?" akasema Mwenyewe. Mkewe akafumba macho, maana alijua linalofuata. "Tairi ni duara tu, mke wangu. Nitafanya mwenyewe."

"Lakini Jumapili tuna wageni! Mchumba wa kijana wetu anakuja na shangazi yake. Usinitie aibu."

"Aibu gani? Jumapili baiskeli itakuwa inang'aa."

Akaligeuza tairi kuukuu, akaona namba kubwa ubavuni: 26. Palikuwa na namba nyingine ndogo ndogo kando yake. Hizo hakuzijali. Akaenda dukani mikono mitupu.

"Nipe tairi la ishirini na sita," akamwambia mwuzaji.

"Ishirini na sita ipi, mzee?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Ziko kadhaa. Umekuja na tairi la zamani tuone?"

"Kijana, mimi nimehesabu maboksi ya sabuni tangu hujazaliwa. Ishirini na sita ni ishirini na sita."

Mwuzaji akatazama juu, akatazama chini, akashusha tairi moja nene lenye meno makubwa. Ubavuni liliandikwa 26. Mwenyewe akalivaa begani na kuondoka kwa maringo.

Kasheshe ilianza nyumbani. Tairi lile liliingia upande mmoja wa gurudumu na kukataa upande wa pili. Akilisukuma chini, lilichomoka juu. Akilibana juu, lilichomoka chini. Akaleta vijiko vya mezani avitumie kulinyanyulia. Vijiko vikapinda. Akaleta mwiko, ukavunjika. Akakumbuka kazi yake ya zamani, akalipaka sabuni. Tairi likanukia vizuri, lakini halikuingia. Akalitia kwenye maji ya moto. Akalianika juani.

"Limesinyaa dukani," akasema. "Linahitaji kuvutwa."

"Au linahitaji fundi," mkewe akajibu, akimimina chai na kuikoroga kwa uma, kwa kuwa vijiko vyote vilikuwa vimepinda.

Jumapili ikafika. Mkewe alikuwa amefua mashuka yote na kuyaanika uani tangu asubuhi. Alipoingia ndani kubadilisha nguo, Mwenyewe akaona nafasi. Nguzo moja ya kamba ya nguo ilikuwa na kulabu ya chuma. Akalining'iniza tairi kwenye kulabu, akaingia ndani ya duara lake, likamzunguka kiunoni. Kisha akaegemea nyuma kwa nguvu zake zote, uso umemvimba, meno ameyauma.

"Vutika!" akaliambia tairi. "Vutika, mwanaharamu wee!"

"Hodi wenyewe!" ikaita sauti ya mwanamke mlangoni.

Mwenyewe akashtuka. Miguu ikateleza. Nguzo ikang'oka, kamba ikalegea, na mashuka mabichi yakamwangukia moja baada ya jingine.

Wageni walipoingia uani pamoja na kijana wa nyumba ile, waliona rundo la mashuka. Upande mmoja palichomoza viatu viwili vilivyopigwa rangi vizuri.



"Shikamoo, baba," akasema binti mchumba kwa adabu, akiviinamia vile viatu.

"Marahaba, mwanangu," yakajibu mashuka. "Karibuni sana. Jisikieni mko nyumbani."

Shangazi mtu akajifunika mdomo kwa khanga. Mabega yake yalitikisika.

Walimfunua, wakamsimamisha. Mama mwenye nyumba akatoka, akaona mashuka yake matopeni, akataka kulia, akakumbuka wageni, akatabasamu. Tabasamu lile lilimtisha Mwenyewe kuliko kelele.

Wakaketi kivulini uani kunywa chai. Shangazi akapewa uma wa kukorogea, akaupokea kama vile kwao ndivyo wanavyofanya. Lakini binti hakuwa anaitazama chai. Alilitazama gurudumu lililolala chini, kisha tairi, kisha gurudumu tena. Vidole vyake vilikuwa vinacheza magotini.

Kijana wa nyumba akamkonyeza, maana yake: usiseme kitu.

"Na wewe mwanangu," Mwenyewe akauliza ili kubadili mazungumzo, "kijana wetu ametuambia uko kwenye mambo ya usafiri. Ofisi gani?"

Kijana akakohoa. Shangazi akamwangalia Mwenyewe kwa mshangao.

"Ofisi? Baba, huyu ni fundi baiskeli! Ana kibanda chake, na watu wanapanga foleni."

Mwenyewe akahisi chai inampitia njia isiyo yake. Fundi! Tena kaja na miguu yake mwenyewe mpaka uani! Mkewe alikuwa ameinamisha uso ndani ya kikombe, na kikombe kilikuwa kinacheka.

Binti akaona aibu machoni pa baba mkwe wake mtarajiwa. Angesema, "Umekosea," angekuwa amemvunjia heshima. Angenyamaza, mama yule angetembea tena kwa miguu kesho. Akafikiri kidogo.

"Baba," akasema taratibu, "naomba unisaidie. Unisomee namba ndogo zilizo ubavuni mwa tairi lile la zamani."

Mwenyewe akalivuta, akalifuta vumbi kwa kidole gumba, akalisogeza mbali na macho kidogo.

"Thelathini na saba, kistari, mia tano tisini."

"Na lile jipya?"

"Hamsini, kistari, mia tano..." Akasoma tena. "Mia tano hamsini na tisa."

"Sasa unaonaje, baba?"

"Naona ni namba mbili tofauti. Lakini yote mawili yana ishirini na sita kubwa! Nani mwongo hapo?"

"Hakuna mwongo. Ile ishirini na sita ni jina tu la zamani. Ni kimo cha gurudumu zima likiwa limevaa tairi lake, tena kwa kukadiria. Haikwambii rimu ina ukubwa gani." Akagusa duara la chuma ambalo tairi hulikalia. "Hii ndiyo rimu. Rimu ndiyo inayovalishwa tairi."

Mwenyewe akakunja uso. "Kimo ni kimoja, rimu ni tofauti? Inawezekanaje?"

Binti akageuka. "Naomba usimame, baba. Na wewe simama karibu yake," akamwambia mchumba wake.

Wakasimama bega kwa bega. Vichwa vyao vilikuwa sawasawa.

"Mnalingana kimo," akasema binti. "Je, suruali zenu mnaazimana?"

Mke wa Mwenyewe akaangua kicheko. "Thubutu! Mwanangu amechukua miguu ya kwetu, mirefu. Baba yake ni kiwiliwili kitupu. Alivaa suruali ya mwanawe siku moja, akafagia nayo barabara!"

"Basi ndivyo hivyo, mama. Tairi nene kwenye rimu ndogo, na tairi jembamba kwenye rimu kubwa, yote mawili yanaweza kufikia kimo kimoja. Lakini hayaazimani."

Mwenyewe akaketi polepole. Aliitazama miguu yake mifupi, akalitazama tairi. Kitu kilikuwa kinamwingia kichwani bila kusukumwa na kijiko.

"Kwa hiyo hiyo mia tano tisini..."

"Ni upana wa duara la rimu kwa milimita, kutoka upande huu hadi upande ule, pale tairi linapokalia. Hiyo lazima ilingane kabisa. Lile jipya linapungukiwa milimita thelathini na moja. Karibu upana wa vidole viwili, baba. Hata tungekuja ukoo mzima kuvuta, lisingeingia."

"Lakini mpira unavutika!"

"Mpira unavutika. Lakini ndani ya ukingo mna waya, na waya huo hauvutiki. Ukilazimishwa hukunjika au hukatika, na tairi likafyatuka njiani." Akauchukua ukingo wa tairi jipya, akaupitisha vidoleni wote, polepole. "Huu uko salama, haujakunjika popote. Bahati nzuri nguzo yenu ilikuwa dhaifu kuliko waya."

Hapo shangazi alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mwenyewe akamwangalia, na ghafla naye akaanza kucheka, mpaka machozi yakamtoka.

"Na hiyo thelathini na saba je?" akauliza akijifuta.

"Hiyo ni unene wa tairi. Hapo unaweza kuongeza au kupunguza kidogo, mradi rimu isiwe nyembamba mno na tairi lisiguse fremu wala breki. Ya kwanza ina ruhusa kidogo. Ya pili haina msamaha."

"Na baiskeli kubwa ya yule mlinzi jirani yetu? Ile ya ishirini na nane?"

"Nazo ni hivyo hivyo. Ile ndefu nzito ya kubebea mizigo mara nyingi ni mia sita thelathini na tano. Baiskeli nyepesi za mwendo kasi ni mia sita ishirini na mbili. Zote utasikia zinaitwa ishirini na nane. Hata za watoto ziko hivyo. Usikisie kwa macho, baba. Soma ubavuni. Namba zikifutika, tazama kwenye rimu, au beba gurudumu zima uende nalo dukani."

Mwenyewe akakumbuka jinsi alivyomjibu yule mwuzaji. Akajikuna shingo.

"Na hili je? Nilitupe?"

Binti akaiendea baiskeli ya mchumba wake, ile yenye magurudumu manene, iliyoegemezwa ukutani. Akainama kusoma. "Mia tano hamsini na tisa. Na tairi lake la mbele limechoka. Lifutwe sabuni tu, litamfaa huyu."

Kijana akafurahi. Kila mtu alikuwa amepata kitu, isipokuwa mashuka.

Binti, mchumba wake na Mwenyewe wakaenda dukani, Mwenyewe akiwa amelikumbatia tairi kuukuu kifuani. Mwuzaji alipomwona akavuta pumzi.

"Samahani kwa juzi, kijana," akaanza Mwenyewe. "Nataka mia tano tisini. Unene thelathini na saba. Na tyubu ya saizi hiyo hiyo, ile ya zamani nimeibana na vijiko ikatoboka."

Mwuzaji akamtazama binti, akamtazama mzee. "Ya thelathini na saba ninayo. Na ya arobaini pia, nene kidogo."

Mwenyewe akataka kumgeukia binti, akajizuia. Akaiwaza nafasi iliyobaki kati ya tairi na fremu. Ilikuwa ndogo. "Arobaini itabana. Nipe thelathini na saba," akasema. Binti akatikisa kichwa kukubali, na moyo wa Mwenyewe ukapanda kama mkate jikoni.

Nyumbani, binti hakulishika gurudumu. Alichuchumaa pembeni na kumwelekeza. Tyubu ikatiwa pumzi kidogo ili isijikunje. Upande wa kwanza wa tairi ukaingia, tyubu ikafuata ndani. Wa pili ukaanzia mbali na mdomo wa tyubu wa kutilia pumzi na kumalizikia hapo, kwa vidole gumba vitupu. Tairi likakaa kama kofia kichwani mwa mwenye kofia.

"Zungusha kwanza, baba. Unauona huu mstari mwembamba karibu na rimu? Ukionekana sawasawa mzunguko mzima, limekaa vizuri. Ukizama mahali, toa pumzi, upange tena. Kisha jaza kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni, usizidishe."

Mwenyewe akazungusha. Mstari ulikuwa sawa. Gurudumu likazunguka kimya, bila kuyumba.

Jua lilikuwa linashuka. Shangazi akakohoa. "Baba, tumekuja kwa neno, na neno lenyewe hatujaligusa."

"Neno gani?" akasema Mwenyewe, mikono myeusi. "Huyu ni wetu. Nyie semeni tu lini tuje kwenu. Na tukija, tutakuja kwa heshima zote."

Asubuhi yake mikate ilifika hospitali ikitoa mvuke. Mama wa kantini alikata kipande papo hapo, akasahau kununa.

Siku chache baadaye Mwenyewe alinunua kopo dogo la rangi nyeupe. Akaandika kwenye fremu ya baiskeli ya mkewe, kwa herufi nene, zilizopinda kidogo: 37-590. Hakuna atakayekosea tena dukani, hata yeye.

Mama wa kantini aliziona namba zile, akashtuka. "Mama mkate, hii ni nini? Bei mpya ya mikate?"

"Hapana," akajibu mwoka mikate, akipanda baiskeli yake na kupiga kengele. "Hiyo ndiyo namba iliyotupatia mkwe."