Pikipiki za Mahari Zisiguse Barabara

Asubuhi ile Mzee Kamate wa mtaa wa Katindo, Goma, hakumaliza chai yake. Jumamosi, kijana wake Aubin alitakiwa kupeleka mahari mji wa Sake, nyumbani kwa mchumba wake Charline. Mahari yenyewe ilikuwa pikipiki mbili. Baba wa binti, Papa Ntirenganya, alikuwa ametuma neno moja tu: pikipiki zifike mpya kweli. Akiona tope kwenye tairi, atajua zimekwisha kutumika, na maneno ya ndoa yatasimama.

Basi ilibidi zibebwe. Kamate alikuwa na gari, Toyota ndogo ya zamani. Alichokosa ni trela, ambayo sisi wa Goma tunaiita remoki. Akaenda Murara kwa Evariste, mwuza mbao, ambaye alikuwa na remoki mbili za kukodisha. Moja ilikuwa fupi, rangi imebanduka. Nyingine ilikuwa ndefu, ya buluu, imechorwa maua ubavuni. Kizuri chajiuza. Kamate hakuuliza hata swali moja. Aliyavuta maua yake hadi nyumbani, akipiga honi kila kona.

Mkewe, Mama Marie-Louise, aliizunguka remoki mara mbili. Akamwomba mumewe amwite kwanza jirani yao, Mama Nasiba, fundi wa kuchomelea vyuma aliyesafiri miaka mingi na malori ya baba yake. Kamate akajibu kwamba mwanaume wa miaka sitini hafundishwi kufunga mzigo. Mama akashikilia jambo moja tu: ajaribu kwanza na pikipiki mbili kuukuu walizokuwa nazo nyumbani. Hapo alimshinda, kama kawaida.

Alhamisi wakapakia. Kamate alitaka watu wazione vizuri, kwa hiyo aliziweka pikipiki nyuma kabisa. Akazisimamisha kwa stendi zake, akazifunga kwa vipande vya mpira wa tyubu, vile tunavyofungia kila kitu mjini hapa. Mkia wa remoki ukashuka, na nyuma ya gari ikainuka. Njiani remoki ikaanza kuyumba, kushoto, kulia, kama mtu aliyetoka kwenye pombe. Kwenye tuta la kwanza mpira ukavutika. Pikipiki moja ikamlalia mwenzake, na zote mbili zikaanguka barabarani. Hakuna aliyeumia, ila heshima ya mzee. Watu walicheka hadi wakashika magoti, na Kamate akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mama Nasiba alisikia kelele, akaja na miwani ya kazi bado kichwani.

"Papa Kamate," akasema, "ulichagua remoki ao ulichagua rangi?"

"Mama, unisaidie tu. Kama hizi zingekuwa zile za mpya, mutoto wangu angekosa bibi."

Mama Nasiba akamuuliza kila pikipiki ina kilo ngapi. Hakujua. Gari lake linaweza kuvuta kilo ngapi? Hakujua pia. Wakatafuta karatasi za gari na za pikipiki, wakasoma. Wakajumlisha uzito wa pikipiki mbili na wa remoki yenyewe. Ile ya buluu ilitengenezewa mbao. Hata ikiwa tupu, ilikuwa nzito mno kwa Toyota ile.

Wakairudisha Murara. Mama Nasiba akapiga magoti mbele ya ile fupi. Akakagua tairi na taa za breki. Akahakikisha kichwa cha remoki kinashika vizuri kwenye gari, na mnyororo wa usalama upo. Ndani ilikuwa na mifereji miwili ya kushika magurudumu, chuma cha kuyazuia mbele, na ubao wa kupandishia.

"Hii ndiyo ya pikipiki," akasema. "Rangi mubaya haiangushe mutu."

Kisha akamwonyesha kupakia. Uzito mkubwa ukae mbele kidogo ya ekseli, kile chuma kinachounganisha magurudumu, usikae nyuma. Kila pikipiki ipate mikanda minne, miwili mbele, miwili nyuma, ifungwe kwenye chuma.

"Mupira unavutika, mukanda hauvutike," akasema. "Kaza mupaka amortisa, zile springi za pikipiki, zishuke kidogo. Utembee polepole. Njiani usimame, ukaze tena."

Kamate aliyarudia maneno hayo kama mtoto wa katekisimu. Kuuliza si ujinga, hata kwa mwenye mvi.

Jumamosi walisimama mara mbili njiani kukaza mikanda. Remoki haikuyumba. Sake, Papa Ntirenganya alitoka na kitambaa cheupe, akapangusa tairi zote nne. Aubin alifumba macho. Kitambaa kilibaki cheupe, na akina mama wakapiga vigelegele. Kamate alifurahi hadi machozi yakamlenga.

Lakini Papa Ntirenganya alikuwa bado anaitazama remoki.

"Mukwe wangu," akamwambia Kamate, "pikipiki moja ni ya mujomba wa Charline, kule Minova. Na yeye hapende tope. Kesho tutaipeleka na hii remoki, tutaivuta na gari yangu."

"Gari yako inaweza kuvuta kilo ngapi?" Kamate akauliza.

Papa Ntirenganya hakujua. Kamate akavua koti lake la sherehe, akaomba wamletee karatasi za gari.