Maji ya Moto kwenye Daraja la Tshopo

Kiti cha nyuma kabisa kilikuwa kimelowa, na mvua haikuwa imenyesha.

"Papa Amuri," Cyprien aliita kutoka ndani ya basi, "hii kiti iko na maji tena."

"Panguza tu."

"Nimepanguza mara tatu tangu asubuhi. Na maji iko moto, papa. Kuya ushike."

Amuri hakwenda kushika. Alikuwa ameendesha mabasi miaka kumi na minane, mtu mzima mwenye mvi kwenye masharubu, na alijua vizuri sana kwa nini hataki kukigusa kiti kile.

Hiyo ilikuwa tarehe ishirini na tisa Juni, mwaka wa sitini na sita. Mji wetu ulikuwa ndiyo kwanza umepewa jina la Kisangani, ingawa sisi wenyewe tuliendelea kusema Stan kama zamani za wazungu, redio ipende isipende. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya uhuru. Wakubwa walitaka uwanja ujae, maana tangu uasi wa miaka miwili nyuma watu waliogopa kukusanyika, kwa hiyo ikaamriwa basi maalum liwalete watu wa ng'ambo ya mto Tshopo, kutoka kituo cha kilomita kumi na mbili mpaka uwanjani, kwenda na kurudi kwa siku tatu. Basi lenyewe lilikuwa hilo moja. Mengine yalichomwa moto au yalipotelea njia ya Buta wakati wa uasi. Hili lililobaki lilikuwa kuukuu, linachemka kwenye kila kilima.

Na kuchemka huko ndiko kulikoleta balaa. Siku ya kwanza, tarehe ishirini na nane, saa sita mchana, injini ilitoa moshi mara tu baada ya kuvuka daraja, pale kwenye mawe ambapo kishindo cha maporomoko kinasikika. Abiria wakapiga kelele kwamba wanachelewa. Amuri akashuka, akajiingiza chini ya rejeta, akashika koki ya kumwagia maji.

Sasa sikiliza. Mama yake alimfundisha, kama mama zetu wote walivyotufundisha, kwamba maji ya moto hayamwagwi chini kimya. Unasema bismillahi, unasema, "Tokeni njia, maji ya moto," ndipo unamwaga, kwa sababu hatuko peke yetu hapa duniani, na wenzetu wana watoto wanaocheza chini. Katika nyumba za Waislamu wa mji huu mtoto analijua hilo kabla hajajua kupenga kamasi. Amuri alilijua. Neno lilimfika mdomoni kabisa. Lakini Cyprien, mwenye kuita abiria na kufunga mlango, alikuwa amesimama pale na bidoni la maji mkononi. Cyprien ni Mkristo wa Yanonge, ana mdomo, na wiki iliyopita alicheka mpaka akalia machozi alipomkuta Amuri analisalimia basi tupu alfajiri. Basi Amuri akaona haya. Akafunga mdomo, akafungua koki. Mtu mzima mzima! Unaona haya mbele ya mtu asiyejua hata kufunga kamba za viatu vyake!

Maji yalipogusa mawe, kitu kikalia chini. Sauti fupi, ya mtoto anayeshtuka usingizini.

"Umesikia?" Amuri aliuliza.

"Ndege," alisema Cyprien.

Tangu saa ile kiti cha nyuma kikawa kinalowa. Na kukawa na harufu ndani ya basi, harufu ya kuku aliyetumbukizwa katika maji yanayotokota ili anyonyolewe.

Jioni ya tarehe ishirini na tisa, jua bado liko juu ya miti, Amuri alikwenda kwa mwalimu Hemedi, fundi wa kushona kofia ambaye pia husomea watu waliopatwa na majini. Hemedi alimsikiliza bila kuacha sindano yake.

"Ulimwaga kimya?"

"Kimya, mwalimu."

"Ni jini, mama ya ule mutoto uliyemuunguza. Anapanda basi yako na mutoto wake mugongoni." Hemedi aliuma uzi. "Uko na mutoto?"

Amuri alikuwa na mmoja tu, Nyota, wa miaka minane. Mama yake Nyota alikufa kwa homa msituni mwaka wa uasi, walipokuwa mafichoni, na Amuri alimbeba binti yake mabegani siku kumi na moja mpaka wakafika mjini. Hakuwa na kitu kingine duniani. Na kesho, safari ya kwanza ya basi ilikuwa ya shule ya Nyota kule kilomita kumi na mbili, watoto thelathini na mmoja wanaokwenda kwenye defile, gwaride la sikukuu, na Nyota ndiye mshika bendera.

"Nitamwacha nyumbani," alisema Amuri.

"Atamfuata nyumbani. Heri mumalize palepale. Simama kwenye mawe, omba radhi kwa sauti watu wote wasikie, sema neno ulilolimeza, halafu mwaga maji ya baridi. Usigeuke nyuma mpaka maji yaishe. Na mutoto asishuke." Hapo ndipo Hemedi alipoweka sindano chini. "Jini wa namna hii haibi, Amuri. Anabadilisha."

Asubuhi ya sikukuu Cyprien hakuwa anacheka tena. Alifunga tairi la akiba kwa kamba juu ya kiti cha nyuma ili mtoto yeyote asikalie. Watoto walipanda wakiwa na sare nyeupe, wakaimba tangu kilomita kumi na mbili. Walipokaribia mto, wimbo ulianza kufa kutoka nyuma. Mstari wa nyuma ulinyamaza, kisha wa mbele yake, kisha wa mbele yake tena, jinsi ile harufu ilivyokuwa ikisogea.

"Papa," Cyprien alinong'ona, "tairi inatoka jasho."

"Usiangalie."

"Kuna mutu anaimbia mutoto kule nyuma. Papa, alors, niko nasikia."

"Nimesema usiangalie! Simama mlangoni. Mutoto asishuke."

Amuri alisimamisha basi, akashuka, akaenda mpaka kwenye mawe akapiga magoti, akasema kwa sauti kubwa kwamba yeye ndiye aliyemwaga, kwamba alilijua neno na akalimeza kwa sababu ya haya tu, kwamba yeye naye ni mzazi na anaomba kama mzazi, bismillahi, tokeni njia, nisameheni, na alipokuwa akisema alisikia nyuma yake unyayo uliolowa ukishuka ngazi za basi, polepole, pa, pa, pa, ukaja ukasimama karibu na bega lake, na joto likampiga shingoni, na alipopapasa chini ili ashike maji ya baridi akakuta mkono wake unapapasa mawe matupu, kwa maana hofu ilikuwa imemsahaulisha bidoni chini ya kiti chake.

"Cyprien!" alilia bila kugeuka. "Lete maji!"

Miguu midogo ikaja mbio.

"Papa, maji yako hii hapa."

Ilikuwa sauti ya Nyota. Alinyoosha mkono nyuma, akapokea bidoni. "Nyota, rudi ndani! Mbio! Mbio!"

Miguu midogo ikarudi mbio, ngazi zikalia. Akamwaga. Maji ya baridi yalifuka mvuke juu ya mawe, mvuke mwingi, kisha yakaisha. Ghafla kishindo cha maporomoko, kilichokuwa kimezimika bila yeye kutambua, kikasikika tena, na harufu ikawa haipo.

Aligeuka. Nyota alikuwa amekaa dirishani na bendera yake. Cyprien, aliyeapa kwamba aligeuza shingo mara moja tu kwa sababu tairi lililia, alihesabu watoto mara mbili. Thelathini na mmoja. Kiti cha nyuma kilikuwa kikavu. Amuri aliegemea usukani akalia kwa furaha mbele ya watoto wa watu, na safari hii hakuona haya.

Uwanjani Nyota alitembea mbele ya wenzake, ameinyoosha bendera, na jua lile lote halikumtoa hata tone la jasho. Watu walimpigia makofi. Amuri alipiga kuliko wote.

Jioni, nyumbani, dada yake Amuri aitwaye Kadidja alimvua mtoto sare ili amwogeshe.

"Amuri," aliita, kwa sauti ya chini sana. "Kuya."

Sare ilikuwa imeshikana na mgongo. Kadidja alipoivuta, ngozi ilikuja nayo. Kuanzia shingoni mpaka kiunoni mtoto alikuwa amebabuka, kidonda cha siku mbili, na harufu ya kuku wa maji ya moto ikajaa chumba. Mtoto hakulia. Alimtazama Amuri kwa macho ya Nyota.

"Usiogope, papa," alisema kwa sauti ya Nyota. "Mama alisema unichunge vizuri. Nikipona, atarudisha wako."

Kadidja alirudi nyuma mpaka ukutani. Amuri alipiga magoti mara ya pili siku ile, akamshika mtoto yule mikono, na mikono ilikuwa ya moto.

"Nitakuchunga. Haki ya Mungu nitakuchunga. Utapona lini, mwanangu? Niambie, utapona lini?"

Mtoto alifikiri, akahesabu kidogo kwa vidole, akaacha.

"Sijue, papa. Mama ya mama yangu aliunguzwa wakati wazungu walijenga daraja. Bado tuko namuuguza."